Gari Lililoshika Sabato

Simu ilinikuta nimelala chali chini ya dashibodi ya gari la mteja, hapa karakana kwangu Homa Bay, tochi ikiwa mdomoni. Mteja alikuwa amenunua skrini kubwa kama trei ya chai, akawekewa na spika hadi chini ya viti, na sasa betri haifikishi asubuhi. Magari ya namna hiyo huletwa kwangu kila mara, na kila mara naanza na redio kabla sijagusa kitu kingine. Wateja husema nina mkono. Siwaelezi kwamba nilijifunza kuanza na redio kwa sababu ya mzee mmoja aliyepooza upande wa kulia, Mzee Okumu, mume wa Mwalimu Rebeka wa Migori. Na sasa simu ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe. "Nyara," akasema, neno ambalo kwetu Wajaluo ni binti yangu, kama vile Jaduong' ni mzee, "Jaduong' ametuacha. Tutamzika hapa Rangwe. Ukuje." Nikasema nitakuja. Nikabaki chini ya ile dashibodi hata mteja akaniuliza kama nimesinzia.

Nilichofikiria pale chini ni kwamba sasa nimechelewa. Kwa miaka yote niliyomjua akiwa amepooza, nilingoja siku ambayo yeye au mkewe angeniambia kwamba ile Jumamosi haikuwa juu yangu, au kwamba ilikuwa juu yangu lakini wamenisamehe. Lolote kati ya hayo lingenitosha. Yeye hakuweza kusema, mdomo wake ulikuwa umepotea pamoja na mkono, na Mwalimu hakusema. Nilikuwa nimebakiwa na Mwalimu peke yake, na Mwalimu ni mtu wa kunyamaza.

Habari za kwetu niziache, na jinsi nilivyoingia ufundi niiache pia. Inatosha kwamba mwaka ule nilikuwa Migori, msichana pekee katika karakana ya Fundi Odongo, banda la mabati lililonuka tindikali ya betri na risasi ya kulehemu, ambako watu walileta magari yawekewe redio. Fundi Odongo alikuwa Mkatoliki mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, na kwa nyaya za gari sijakutana na wa kumshinda. Alinipokea vizuri. Wenzangu wa kiume nao hawakunitesa, nisiwasingizie, walinipita tu. Wakizungumza, maneno yao yalipita juu ya kichwa changu, na nikisema jambo walinyamaza kidogo kwa adabu, kisha wakaendelea walipoishia. Nilichemsha chai, nilifagia, nilishika tochi. Mtu akiniuliza leo kwa nini nilifanya nilichofanya mwaka ule, au tuseme nisichofanya, nitaanzia hapo, kwenye ile adabu ya kunyamaza kidogo.

Mwalimu Rebeka alifundisha shule ya msingi pembeni mwa mji na alikuwa Msabato wa kupigiwa mfano. Mzee Okumu alizaliwa Mkatoliki, tena alikaa dawati moja na Fundi Odongo. Alibatizwa upya alipomwoa Mwalimu, na kufikia mwaka ule alikuwa shemasi, mtu wa tai na Biblia ya kufungwa zipu. Walikuwa na gari jeupe lenye buti refu, na ndani yake redio nzuri na amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, imefungwa sakafuni mwa buti. Fundi Odongo ndiye aliyeziweka, kabla sijafika. Siku za shule gari hilo halikuwa na neno. Ijumaa kabla jua halijatua, Mwalimu aliliegesha nyuma ya nyumba, akafungia ufunguo kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na kesho yake wakaenda kanisani kwa miguu. Jumapili asubuhi, Mwalimu akitaka kwenda sokoni, gari lilikuwa limekufa, na ikawa hivyo karibu kila Jumapili. Ujumbe ulikuja karakana, nami nikatumwa kwa baiskeli, betri ya akiba imefungwa kwa mpira kwenye keria na nyaya za kuazimia moto zikining'inia shingoni.

Siku moja niliporudi, Fundi Odongo akauliza ile gari ya Mwalimu inasemaje. Nikajibu bila kufikiri, "Hiyo gari imebatizwa, Fundi. Inashika Sabato na wenyewe." Kwanza walinyamaza kidogo, kama kawaida yao. Kisha karakana nzima ikaangua kicheko. Fundi Odongo alijishika kwenye meza, akafuta machozi, akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, jambo ninalolikumbuka zaidi leo kuliko nilivyolitambua wakati ule. Kuanzia hapo nilikuwa mtu. Wenzangu waliniita nikae nao wakati wa chakula. Wauza samaki waliniona napita na betri yangu wakauliza, "Msabato ameamka?" Mzaha ulimfikia hata Mwalimu, nami nikaogopa atakasirika, lakini alitabasamu akamimina chai. "Afadhali yeye," akasema. "Kuna washiriki wetu hawafiki hapo."

Hiyo chai ndiyo nisiyoweza kuisimulia bila kujionea aibu. Kila Jumapili, gari likishawaka na kuachwa lingurume lijichaji, Mwalimu alinivuta ndani nile. Sebule ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na kabati la vioo lililong'aa. Palikuwa na chai ya maziwa yenye tangawizi, mayai, na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, na Mzee Okumu, shemasi mzima, alinimenyea viazi kwa vidole vyake na kunipangia kwenye sahani. Hakuna mwanamume aliyewahi kunimenyea kitu. Waliongea mbele yangu kama mbele ya mtoto wao.

"Jaduong', jana ulikaa huko nje sana," Mwalimu alisema siku moja.

"Nilikuwa naangalia paka."

"Huyo paka ana shida gani kila Sabato?"

"Amependa buti. Naachanga dirisha wazi kidogo, anaingia analala huko mpaka jioni."

Nami nikacheka, nikasema hata paka amebatizwa. Mwalimu alisogeza sufuria ya maziwa, Mzee Okumu akaangalia viazi vyake. Kila gari linapoletwa kwangu namkumbuka huyo paka. Nyumba ilikuwa na viti vyenye vitambaa na jiko lenye majivu ya moto, na paka akachagua chuma cha buti la gari lililozimwa. Anayejifunza umeme wa magari alipaswa kujiuliza kitu gani kinachotoa joto humo. Kila mtu mjini alijua kwamba gari la Mwalimu ni Msabato, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyeuliza ugonjwa wake ni nini.

Nisidanganye kwamba hatukufanya lolote. Fundi Odongo alisafisha dinamo, akakaza vichwa vya betri, na mwishowe akaweka betri nyingine kabisa. Nayo ikaanza kushika Sabato. Siku hiyo nilimuuliza, "Na redio je, Fundi?" Alikuwa ameinama, hakuinua uso. "Redio achana nayo. Hiyo niliweka mimi." Nikaachana nayo, na sitasema ilikuwa heshima tu. Gari likipona, nani angenituma kule Jumapili? Ningekunywa chai wapi, na ningekuwa nani karakana bila mzaha wangu? Sikujua kosa liko wapi. Ila nilijua mahali ambapo sijatazama, na nilipita hapo kila wiki na baiskeli.

Ikaja Jumamosi moja mchana, mimi nikiwa nachemsha chai, nikamwona Mwalimu Rebeka akija mbio barabarani bila kitambaa kichwani. Sikuwahi kumwona kichwa wazi, wala sikuwahi kumwona akikimbia. "Jaduong' ameanguka," akasema. "Ako ndani ya gari. Gari imekataa." Nilifunga betri kwenye keria na nikapiga pedali, Fundi Odongo akinifuata kwa miguu. Mzee Okumu alikuwa amelala upande kwenye kiti cha mbele cha abiria, mdomo umepinda, paka akiwa mapajani mwake. Tuliazima moto, tukawasha, Fundi akaendesha hadi hospitali. Daktari aliyempokea aliuliza amekaa hivyo tangu saa ngapi, na Mwalimu akasema hajui. Daktari akasema tu, "Mngewahi kidogo." Hakusema kidogo kiasi gani.

Nililoliona nikiwa nimesimama pale ukumbini, na ninaloliona hata leo, ni kwamba Mwalimu alikimbilia kwetu. Barabara ilikuwa karibu na nyumba, ningali nasikia pikipiki na magari yakipita. Mtu yeyote angesimama angebebwa. Lakini sisi tulikuwa tumemzoeza mwaka mzima: gari likifa, mwite Odongo, msichana atakuja na betri, tutacheka kidogo, litawaka. Mguu wake ulimpeleka mahali ulipozoea.

Wiki iliyofuata nilikwenda peke yangu wakati Mwalimu yuko hospitali, nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzoni. Nilizima kila kitu, nikatoa kichwa cha betri, nikaunga taa ya kupimia kati ya waya na betri. Taa ikawaka, maana yake kuna kitu kinakunywa moto gari likiwa limelala. Nikachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, ya honi, ya wipa, ya taa za ndani, na taa yangu ikaendelea kuwaka. Nilipochomoa ya redio ikazimika. Nikaenda kwenye buti, nikaweka kiganja juu ya amplifaya. Ilikuwa na joto, na manyoya ya paka. Chini ya dashibodi, waya ambao ulipaswa kungoja ufunguo ulikuwa umeungwa moja kwa moja na moto wa betri, hivi kwamba redio ingeweza kuimba bila ufunguo na amplifaya isilale kamwe. Siku za shule gari lilikimbia na kurudisha moto ulionywewa. Lilipokaa Sabato nzima, betri iliisha. Nilikata waya, nikafunga ncha kwa utepe. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa chai.

Nilimwambia Fundi Odongo kwamba nimepata, ni waya wa redio. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Umekata?" akauliza. Nikasema nimekata. "Basi," akasema, na hakunieleza kwa nini mtu anayejua nyaya kama yeye aliunga waya vile. Sikusikia tena kile kicheko. Kisha nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta sebuleni, nikamwambia nikiwa nimesimama kwamba kosa lilikuwa humo mwaka mzima, kwamba lingepatikana asubuhi moja, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakuja na sikutazama kwa sababu nilipenda kuja. Nilisema yote, hata viazi nilivitaja. "Nimesikia, nyara," akasema. "Kunywa chai." Nikainywa, na sijawahi kunywa kitu kichungu vile chenye sukari.

Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye kona ya barabara yao bila baiskeli, nikalisikia gari likiwaka mara moja. Mwaka ulipoisha nilihamia Homa Bay. Lakini kila Desemba nilikwenda kuwaona, na samaki wakavu wa kutoka kisiwa cha Mfangano, hata baada ya wao kustaafu na kurudi nyumbani Rangwe. Mzee Okumu alikuwa ananishika mkono kwa mkono wake wa kushoto na kutoa sauti ambayo Mwalimu alisema ni ya furaha. Laiti angenitazama vibaya hata mara moja. Alinisogezea sahani ya viazi kwa ule mkono mmoja, akingoja nile, na mimi nilikula.

Basi juzi Jumapili nikafika Rangwe, mazishi yakiwa ni kesho yake. Hema lilikuwa linafungwa, kina mama wakichambua mchele, na lile gari jeupe limesimama kando ya jiko, limeota kutu milangoni. Mwalimu alikuja kunilaki akitembelea fimbo. Tulilia kidogo. Kisha akasema, "Vijana wanataka kuleta viti za kanisa, na Msabato amekataa kuamka. Kaangalie." Tangu ile Jumamosi hakuwahi kuliita gari kwa jina hilo mbele yangu.

Nilifungua mlango nikajipenyeza chini ya dashibodi, mwili ukikataa kujikunja kama zamani. Waya niliokuwa nimeukata ulikuwa umeungwa tena. Kazi ilikuwa mbaya sana: ncha zimechubuliwa kwa kitu butu, zimesokotwa kwa vidole, na mahali pa utepe wa fundi pamezungushwa plasta ya hospitali, ile nyeupe ya kubandika vidonda. Nilipotoka Mwalimu alikuwa amesimama pale pale.

"Nani ameunga hii?"

"Mimi. Na kisu ya jikoni. Plasta ni ya Jaduong'."

"Mwalimu, hii ndiyo ilikuwa inaua betri. Nilikuambia."

"Uliniambia." Akaweka fimbo kwenye bodi ya gari, akaegemea. "Odongo hakukosea, nyara. Jaduong' ndiye alimwomba aweke hivyo. Ufunguo nilikuwa nakaa nayo mimi, na yeye alitaka mpira. Ile ya Jumamosi, ya kutangazwa kwa redio."

Nikamuuliza kama alijua wakati ule. Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi.

"Dirisha yangu ilikuwa hapo juu ya gari. Nilikuwa nasikia yote. Akiongeza sauti, mimi naongeza wimbo, ndio asijue nimesikia. Ni shemasi. Nikimshika, atakaa aje mbele ya watu?"

"Na ile siku?"

Mama mmoja alipita na beseni la mchele, akatusalimu, tukamwitikia.

"Ile siku nilisikia mpira imeanza. Halafu nikasikia paka analia. Analia, analia. Nikajua kuna kitu. Lakini nikasema, nikitoka sasa, nitampata na redio." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Nikangoja mpira iishe. Betri ndio iliisha kwanza. Redio iliponyamaza ndio nikatoka."

Nilishika mlango wa gari. Nilimwona tena yule daktari akiuliza tangu saa ngapi, na Mwalimu akisema hajui.

"Ulipokuja na ile maneno yako ya viazi, nilitaka kukuambia," akasema. "Lakini singeweza kusema yangu bila kusema yake. Nikafikiria, huyu ni mtoto, atasahau. Halafu ukawa unakuja kila mwaka na samaki. Nikaona hujasahau. Na bado nikanyamaza. Nilikuachia ubebe, nyara. Nisamehe."

Nilikasirika, na sina sababu ya kuficha. Nikakumbuka kila Desemba, kila safari, kila kiazi. Kwa miaka yote nilingoja kusamehewa, na sasa nilikuwa naombwa msamaha. Na katikati ya hasira hiyo nilijikuta nikitafuta kama mzigo wangu umepungua, nikaona uko pale pale. Angetoka ndani mapema, gari bado lingegoma, maana moto unaotosha redio hautoshi kuwasha injini. Paka alilala kwenye buti mwaka mzima na mimi nilikuwa nimecheka. Nikamwambia nimemsamehe. Nilitumaini atanijibu hivyo hivyo, na nadhani yeye alidhani alishanijibu zamani, siku ile ya chai.

"Ukaunga lini?" nikauliza.

"Tulipohamia hapa. Hakuwa na kitu ingine ya kumfurahisha. Kila Sabato tukimaliza kula nilikuwa namketisha hapo mbele, namfungulia mpira, halafu naingia ndani naimba. Hatukuwahi kuongea juu yake. Jumapili vijana wanasukuma." Akatazama kiti cha abiria, ambacho kitambaa chake cha kufuma nilikijua. "Na Sabato ya mwisho ndio alienda, akiwa hapo. Tulimtoa. Redio sikuizima. Niliacha iishe yenyewe."

Nilisogeza gari langu, nikafungua boneti zote mbili, nikaunga nyaya betri kwa betri. Kabla sijafikia ufunguo, redio ilipata moto. Mtangazaji akatokea kwa sauti kubwa, pale pale ilipoachwa, akitangaza mpira fulani wa Jumapili, na wale kina mama wa mchele wakageuka wote kututazama. Nilinyoosha mkono niizime, maana ni matanga. Mwalimu alinishika mkono. Akafungua mlango, akaketi taratibu kwenye kiti cha mumewe, akaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti yake ikiwa juu kidogo kuliko ya redio.